Meko Mbele ya Dirisha

Soksi ndizo zilizonichoma. Si yule mwanamke, ambaye hakuonekana pichani ila ncha ya kidole iliyoziba pembe ya juu, wala si moto wenyewe uliokuwa ukiwaka nyuma ya kioo, ndani ya ukuta. Mume wangu Taha alikuwa ameketi mbele ya moto ule, kanyoosha miguu, na miguuni kavaa soksi nene za sufu, rangi ya majivu. Nilikuwa nimeishi naye miaka ishirini na sita. Sikuwahi kumwona na soksi ndani ya nyumba.

Hapa kwetu Shela, Malindi, mwanamume akirudi nyumbani huvua viatu mlangoni, akafunga kikoi, na tangu hapo miguu yake ni ya sakafu. Nilizijua nyayo za Taha. Niliujua ufa wa kisigino cha kushoto, nimeupaka mafuta ya nazi kaskazi na kusi, na sasa kuna mtu aliyeufunika kwa sufu kana kwamba ni wake. Niliikodolea macho ile simu mpaka maharagwe yakaungua jikoni.

Picha aliiweka mke mwenzangu kwenye status ya simu yake. Jina lake ni Mahira. Leo naweza kulitamka. Siku zile halikupita kinywani mwangu. Nambari yake niliiiba kwenye simu ya Taha alipokuwa akioga, nikaihifadhi kwa jina la "Viazi Limuru", ili hata mtu akichungulia aone ni mambo ya biashara. Kila asubuhi, kabla ya chai, nilifungua simu nione Viazi Limuru kaamkaje na kaweka picha gani.

Na biashara ya viazi ndiyo iliyomleta. Taha alikuwa akishusha viazi, karoti na kabichi kutoka Limuru, akiuza kwa mahoteli na sokoni Malindi. Mwanzo alikuwa akienda na kurudi. Kisha akawa akilala huko siku mbili, kisha tano, na mwisho akaoa. Aliniambia mwenyewe, kwa adabu, ameinamisha kichwa. Sikupiga kelele. Mama yangu aliishi ukewenza maisha yake yote, naye alinifunza kwamba mwanamke mwenye akili hapigi kelele, hudai haki yake.

Haki yangu nikaidai. Tukapatana zamu: siku kumi Limuru, siku kumi Malindi. Akininunulia kanga doti mbili, na mwenzangu doti mbili. Friji kule, friji huku. Taha ni mcha Mungu kweli, na alikuwa akiogopa sana yale tuliyofunzwa chuo cha Kurani, kwamba mume anayempendelea mke mmoja atafufuliwa upande mmoja wa mwili umelala. Nilimwona wakati mwingine akijinyoosha mgongo baada ya swala, na moyoni nikasema, nyooka, bwana wee, nyooka.

Lakini siku hazinyooki kwa urahisi. Kumi za Limuru zikawa kumi na mbili, na zangu zikawa nane. Mara mvua, mara lori limekwama, mara bei haijatulia. Nilipoiona ile picha nikajua, au nikajiambia nimejua: ni moto ule unaomweka. Yule mwanamke kampata kwa moto. Basi nami nikiwa nao, siku zangu zitarudi.

Aliporudi kwenye zamu yangu nilimwacha ale, anywe kahawa yake ya tangawizi, ajilaze kidogo. Kisha nikamwambia:

"Baba Mansur, nami nataka meko ya ukutani."

"Meko gani?"

"Ya gesi. Kama yale ya Limuru."

Alifungua jicho moja. Ilikuwa Januari, kaskazi imekaza, na hata paka wetu alikuwa amelala chali kwenye ngazi. "Mastura, Limuru watu hulala na mablanketi matatu. Wewe hapa walala na feni mbili."

"Haki haina hali ya hewa."

Alicheka. Kisha akaniangalia, akaona sicheki, akafungua na jicho la pili. "Nani aliyekwambia habari za meko?"

"Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi mwenzangu asiwe na kitu nisicho nacho. Ama wewe wapendelea?"

Nililichagua neno hilo kwa makusudi na nilijua litakapomchoma. Alijiinua, akajinyoosha mgongo. "Haya," alisema. "Yatakuja."

Jirani yangu Labhuben, mwenye duka la vitambaa mkabala na mlango wetu, alicheka mpaka akashika meza. Amezaliwa Malindi kama mimi, tumekua pamoja, na hanionei haya. "Meko Malindi! Shoga, ukimaliza ununue na theluji, tutie kwenye sharubati."

"Wewe hukuolewa ukewenza," nikamwambia.

"Mimi Bhikhubhai wangu alikuwa na wake wawili," alisema, "mimi na hili duka. Na duka ndilo lililopendwa. Lakini sikujijengea rafu sebuleni kumkomoa." Nilicheka naye, ila sikumsikia. Mwenye wivu husikia sauti moja tu.

Fundi alitoka Nairobi, Mmeru jina lake Mwenda, mtu mpole aliyekuwa akijipangusa shingo tangu aliposhuka kwenye basi. Nilimtaka yeye hasa kwa kuwa ndiye aliyejenga yale ya Limuru. Taha, kabla ya kuondoka kwenda zake, alidhani nataka kazi safi. Mimi nilitaka macho yaliyoiona nyumba ile.

Alifungua maboksi yake katikati ya sebule ya juu. Likatoka sanduku la chuma lenye kioo mbele, yakatoka magogo ya udongo yaliyochongwa yakafanana na kuni, na mwisho bomba la kutolea moshi, moja ndani ya jingine. Akanieleza kwa subira: la ndani hutoa moshi, la nje huingiza hewa, na moto haugusi pumzi ya chumbani hata kidogo. Nikamsikiliza mpaka akamaliza.

"Na yake ni makubwa kama haya?"

"Ni sawasawa, mama. Mzee alisema zisipitane hata sentimita."

"Sebule yake je? Kubwa?"

"Ya kawaida tu."

"Mapazia rangi gani?"

"Sikuangalia mapazia, mama."

"Fundi gani asiyeangalia mapazia? Aliwapikia?"

Akasita. "Alitupikia mukimo, ule wa viazi na mahindi ya kuponda."

"Mtamu?"

"Ulikuwa sawa," alisema, na akainamia vyuma vyake. Mchana ule nilimpikia wali wa nazi, samaki wa kupaka, na mchicha wa nazi juu yake, nikamwongeza mpaka akalegeza mshipi. Nilitaka akirudi bara aseme. Sijui angemwambia nani.

Kisha tukaingia kwenye suala la ukuta. Mwenda alizunguka chumba na futi yake mkononi, akagonga hapa na pale, akasimama kwenye ukuta wa nyuma karibu na ngazi. "Hapa ndiyo pazuri. Bomba itoke kwa ua, haisumbui mtu."

"La Limuru limetokea wapi?"

"Mbele. Upande wa barabara."

"Basi na langu litoke mbele."

Mbele hapakuwa na nafasi ila moja. Ukuta ule una milango miwili ya makabati ya babu yangu ambayo haiguswi, na katikati yake palikuwa na dirisha.

Niseme habari za dirisha hilo. Lilikuwa dirisha la mbao, pana, limekaa chini kiasi kwamba mtu aliyelala huweza kuweka miguu kwenye kizingiti chake. Lilitazama upande wa bahari, na upepo uliingia hapo kaskazi na kusi. Chini yake kilikaa kitanda cha kamba, na hapo ndipo palipokuwa mahali pa Taha. Baada ya Alasiri alilala hapo, kifua wazi, nyayo zake kizingitini, kikombe cha kahawa juu ya tumbo, akinihadithia habari za njiani, na mimi chini mkekani nikichagua mchele. Nani kamdanganya Mtito Andei, lori la nani limeanguka Mariakani. Mambo ya kipuuzi. Kando ya dirisha palikuwa na msumari, na mwaka mmoja nyuma Taha alitundika hapo kipimajoto kidogo, akawa akikitazama kila saa ya kahawa na kuandika kwenye kikaratasi. Nilipomuuliza alisema ni kwa ajili ya ghala la viazi. Nikamwambia viazi vyake vinadekezwa kuliko mimi.

Watu huniambia, Mastura, hukujua ulitendalo. Nilijua. Nililijua dirisha lile na nilijua kazi yake.

Hata Mwambire aliniambia. Huyu ni mwashi wa Tezo, ndiye aliyekuwa akiipiga lipu nyumba yangu kila baada ya mvua, na alikuwa amekuja kuvunja na kujenga kwa maelekezo ya Mwenda. Aliegemea nyundo yake, akalitazama dirisha, akanitazama mimi. "Mama Mansur, hili ndilo pumzi ya nyumba hii. Tukiliziba hapa patakuwa tanuri."

"Wenzetu wana meko, wewe waniletea habari za pumzi."

"Mimi nasema tu."

"Ziba," nikamwambia.

Alilitoa zima zima, pamoja na fremu yake, taratibu, akalifunga magunia kama mtu anayemsitiri maiti. Akaniuliza aliweke wapi. Nikamwambia popote. Akaliegemeza ghalani, na kitanda cha kamba nikaamuru kipelekwe chumba cha nyuma. Mahali pake nikaweka viti viwili vya mito, vikitazamana na kioo, vile vile kama nilivyoona pichani.

Siku mbili walivunja na kujenga. Vumbi la matumbawe lilituingia hadi kwenye unga. Siku ya tatu kile kifuniko cha bomba, cha chuma king'aacho, kilichomoza juu ya barabara, na wazee waliokuwa wakienda kuswali Adhuhuri wakasimama kukitazama, mmoja kofia mkononi. Labhuben alitoka dukani, akatazama juu, akarudi ndani. Nilikuwa juu ya dari nikiwachungulia na nilifurahi. Nakiri nilifurahi. Nilidhani sasa Shela nzima itajua kwamba Mastura hakunyimwa kitu.

Lipu ilikuwa bado mbichi Mwenda aliponiita tuwashe moto. Alibaki na fulana, jasho limemchora mgongoni. Akabonyeza rimoti. Moto ukaruka buluu, kisha ukageuka manjano, ukayazunguka yale magogo ya uongo, na ulikuwa mzuri. Mzuri wa kweli. Nilikaa kwenye kiti kimoja nikajaribu kumwona Taha kwenye kile cha pili. Baada ya dakika kumi baibui langu lilikuwa limenigandia, na Mwambire alikuwa ameshatoka nje akisema anakwenda kutazama bomba.

"Inafanya vizuri," alisema Mwenda. "Moshi inatoka. Sasa niweke ijiendeshe yenyewe. Chumba ikipoa inawaka, ikipata joto inazima. Nikuwekee ngapi?"

"Kama ya Limuru."

"Kama ya Limuru kabisa?"

"Isipitane."

Akabonyeza mara kadhaa. Moto ukashuka, ukarudi kuwa buluu, ukazimika. Nikasikia chuma kikialika ndani ya ukuta.

"Umeharibika?"

"Haijaharibika, mama. Ile ya Limuru niliweka digrii thelathini na moja. Na hapa," akanigeuzia kioo kidogo cha rimoti, "chumba iko thelathini na tatu. Moto inaona kazi imeisha."

"Thelathini na moja! Limuru? Mbona wakae kwenye joto namna hiyo?"

"Hata mimi niliuliza." Alijipangusa uso kwa mkono mzima. "Watu wa huko huweka ishirini, ishirini na mbili hivi. Nikamwambia mzee hiyo yako ni nyingi, mama atakuwa anatoka jasho. Akakataa. Alikuwa na kikaratasi kwa mfuko. Akaniambia, fundi, hivi ndivyo kulivyo kwetu saa ya kahawa."

Nikautazama ule msumari wa kipimajoto. Mwambire alikuwa amepiga lipu kuuzunguka, akauacha.

Sikumbuki nilimjibu nini Mwenda. Nakumbuka nilikaa sakafuni, si kwenye kiti, pale ambapo kitanda cha kamba kilikuwa, na hewa ya chumba ilikuwa nzito haisogei. Miezi yote ile nilikuwa nimemwonea wivu mwanamke mwingine kwa ajili ya nyumba yangu mwenyewe. Mume wangu kaibeba saa yangu ya kahawa kwenye kikaratasi, kaipandisha mlimani, kajaribu kuijenga ukutani kwa gesi. Na mimi ile yenyewe nimeivunja ili nipate mfano wake.

Ningeweza kumwita Mwambire wakati ule ule. Alikuwa chini mlangoni, nyundo begani, lipu haijakauka. Neno moja tu. Lakini bomba lilikuwa limeshaonekana na mtaa mzima, Labhuben alikuwa ameshatazama juu, na mimi nilikuwa na kiburi changu. Nikamlipa kila mtu ujira wake, nikawafungia mandazi ya njiani, wakaenda.

Taha alirudi baada ya siku tatu. Nilimsikia akivua viatu chini, nikamsikia akiingia chumbani kufunga kikoi, kisha akaja sebuleni na kikombe mkononi. Hakuwa akitazama aendako. Alikuwa akinieleza habari za daraja lililobomoka, akatembea kama mtu anavyotembea nyumbani kwake, moja kwa moja mpaka mahali pake, mkono wa kushoto umetangulia kutafuta kizingiti. Ukagusa kioo. Akasimama.

"Dirisha," alisema. Halikuwa swali.

"Hapakuwa na nafasi nyingine ya bomba."

Akaurudisha mkono kwenye kikombe. Niliomba agombe. Wallahi, niliomba anitukane, nami nilie, nimwambie nimejua habari za kikaratasi, kisha tumwite Mwambire. Lakini Taha ni mtu wa haki, na haki ndiyo niliyomtaka.

"Pamekuwa pazuri, Mama Mansur," alisema. "Sasa mko sawa."

Akakaa kwenye kiti kipya kwa heshima yangu. Jasho likamtiririka mpaka kwenye kikombe. Baada ya muda aliinuka, akashuka nacho kwenda kukaa kibarazani nje. Zamani angekaa pale ningeisikia sauti yake kutoka juu, neno kwa neno. Siku ile sikusikia kitu.

Zamu ile alikaa siku saba. Iliyofuata, sita.

Miaka mitano meko yale hayakuwaka hata mara moja. Juu yake niliweka picha ya mwanangu Mansur siku ya kuhitimu chuo. Wageni waliuliza ni televisheni ya aina gani. Nilijifunza kuchagulia mchele jikoni. Na kila asubuhi kabla ya chai niliendelea kufungua simu, kumtazama Viazi Limuru, maana wivu ukishazoea nyumba hauulizi tena kama kuna sababu. Hasidi hana sababu, wamesema wazee, na hasidi nilikuwa mimi.

Mwaka jana, mwezi wa Februari, simu yangu ililia ikaandika "Viazi Limuru". Haikuwahi kulia kwa jina hilo. Niliitazama ikalia mpaka ikakata, na ilipolia tena nikaipokea.

"Shikamoo, dada." Sauti ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, na imechoka.

"Marahaba."

"Kifua cha mzee hakikupona tangu ile baridi ya Julai. Daktari amesema atoke huku, asirudi tena. Yeye mwenyewe anasema hataki hospitali nyingine, anataka kurudi kwetu." Alilisema neno hilo kama Taha anavyolisema. "Namleta."

Nilikuwa nimeshinda, basi. Siku zote zilikuwa zangu, za Limuru na za Malindi. Nilikaa na ushindi wangu jikoni na sikujua niuweke wapi.

Walifika Alhamisi mchana. Taha alikuwa amekonda, amefunikwa shali mpaka kidevuni. Mansur, aliyekuwa ametoka Mombasa kunisaidia, alimpandisha ngazi kwa mgongo. Walipopita karibu yangu Taha alinishika mkono akasema, "Nimenyooka sasa, Mama Mansur," akatabasamu. Tukamlaza chumbani, feni tukaizima, na haikuchukua muda akalala.

Nilipotoka nilimkuta Mahira amesimama katikati ya sebule. Nilikuwa nimemwazia mrembo, nimemwazia mchawi, nimemwazia kila kitu. Alikuwa mwanamke mnene kidogo, koti limening'inia mkononi, mitandio miwili kichwani, macho yamevimba kwa safari. Alikuwa ameyafumba.

"Ndiyo hii," alisema.

"Ndiyo nini?"

"Hili joto." Akafumbua macho. "Miaka sita nimekaa ndani ya joto hili, dada. Nje maji yanakaribia kuganda, mimi ndani natoka jasho, majirani wananicheka. Nikimwambia tupunguze, anasema subiri kidogo, saa ya kahawa ipite. Nikawa nauliza moyo wangu, kuna nini huko Malindi? Kuna mwanamke wa namna gani?" Alijipangusa kwa ncha ya mtandio. "Nilikuchukia. Mungu anisamehe. Ile picha ya soksi niliiweka uione."

"Ulijuaje kama naona?"

"Simu hunionyesha kila anayetazama. Nilikuhifadhi kwa jina la Malindi. Malindi ndiye wa kwanza kila siku, kabla ya chai."

Uso wangu uliniwaka. Nilitaka kucheka na nilitaka sakafu ipasuke. Yeye alikuwa amegeuka, anauzungushia macho ukuta wa mbele, akitafuta kitu. Akayaona meko, akayasogelea, akaweka kiganja kwenye kioo kilichopoa. Alitambua kazi ya Mwenda.

"Aliniambia kuna dirisha," alisema. "Alinihadithia mara nyingi. Alisema analala hapo na miguu yake kizingitini. Liko wapi?"

Kwa miaka mitano hakuna aliyeniuliza.

"Nyuma ya hicho ulichokishika," nikasema.

Akautoa mkono. Tulisimama pale, wake wawili wa mtu mmoja. Kesho yake asubuhi nilimwita Mwambire, akaja na nyundo yake na hakuniuliza kitu; dirisha lilikuwa ghalani, magunia yamelila vumbi lakini mbao nzima. Hayo ni ya kesho yake. Siku ile tulisimama tu.

"Na zile soksi?" nikamuuliza. Nilikuwa nimelimeza swali hilo miaka mingi mno.

"Miguu yake haikupata joto hata siku moja," alisema. "Moto ule wote ulipanda darini, chini sakafu ikabaki na baridi ile ile. Nikamfumia."

Nikatazama chini. Alikuwa amevua viatu mlangoni kama adabu inavyotaka, lakini miguuni alikuwa nazo, sufu nene, rangi ya majivu, zimemganda kwa jasho la safari. Wivu wangu haukuisha, nisiseme uongo. Ulikuwapo, nilikuwa nausikia. Lakini aliyekuwa mbele yangu hakuwa tena ncha ya kidole pichani; alikuwa na miguu.

"Vua soksi, Mahira," nilimwambia. "Sakafu ya huku haina baridi."

Akaketi chini pale pale, mbele ya meko yasiyowaka, akazivua.